Licenciado Ameshatoka?

Jerez, Zacatecas
11 Februari 2019

Mdogo wangu Evaristo,

"Kikao hakijawahi kumuua mtu." Hayo ni maneno yako. Ulimwambia Nereida mkesha wa Mwaka Mpya, hapa mezani kwangu, kisha ukaendelea kutafuna nyama kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwepo. Sasa wageni wamekwenda zao, vyombo nimeosha, na mimi bado nina hasira.

Lakini salamu kwanza, maana mama angefufuka anichape. Huku hatujambo. Baridi imeunguza maua ya mipichi yote ya upande wa mto, kwa hiyo mwaka huu usitarajie pichi za makopo. Shangazi Chole bado amelala na nyonga yake iliyovunjika, na kutoka kitandani anaiamuru nyumba nzima. Siku alipoanguka nilikuarifu kwa simu, ukanijibu kwa picha ya dole gumba. Dole gumba, Varo! Bibi wa watu amevunjika nyonga! Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Kwenye karatasi angalau utalazimika kutafuta maneno.

Ofisini kwako nako nimejaribu. Katibu wako ana sauti ya asali na jibu moja tu, akikuita kwa cheo cha wasomi: "Licenciado yuko kwenye kikao." Asubuhi kikao, mchana kikao, jioni kikao. Siku moja nikamuuliza, "Mwanangu, hivi huyo Licenciado wenu kazi anafanya saa ngapi?" Akacheka. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Baada ya vikao, mwalimu. Kama sisi wote."

Sasa Nereida. Huyu ni mtoto wa marehemu dada yetu Socorro, nimemlea mimi tangu akiwa na meno ya utoto, na nilikukabidhi wewe akiwa mzima. Zamani akinipigia Jumapili sikio langu lilichemka. Siku hizi anapiga simu ili anisikilize. Nikimuuliza amekula nini, inambidi afikiri.

Ameniambia siku yake ilivyo. Asubuhi, kikao cha kupanga siku. Halafu kikao cha idara. Halafu kikao cha kujiandaa kwa kikao cha Alhamisi. Saa kumi na mbili jioni, wakati watu wenye akili wanavua viatu, kikao cha kufunga siku. Na wale watu ambao nyumba zao zimeungua, ambao wamelipa bima miaka yote na sasa wanamngoja yeye asome madai yao, anawafikia lini? Baada ya hapo, wewe ukiwa bado umekaa kwenye chumba chako cha kioo na hakuna anayethubutu kutoka kabla yako. Anasema saa hizo huko zimepewa hata jina, saa za makalio: saa ambazo mtu halipwi kwa kazi ya kichwa wala mikono, analipwa kwa kukalia kiti.

Kwa hiyo usiniambie hakijaua mtu. Unyevu nao haujawahi kumuua mtu. Yaulize mapafu.

Dada yako,
Hermelinda


Monterrey
27 Februari

Dada Linda,

Shikamoo, na unisamehe kuchelewa. Pole kwa maua ya pichi, na mwambie shangazi Chole namwombea. Lile dole gumba lilimaanisha "nimesikia." Wewe peke yako duniani ndiye unayeweza kugombana na kidole.

Huku joto limeanza mapema. Wifi yako Maricruz anakusalimu sana, anasema ule mchuzi wako wa pilipili nyekundu umemshinda kuiga.

Sasa usicheke: barua hii naiandika nikiwa kwenye kikao cha bajeti. Hapa mtu akishika kalamu anaonekana anachukua kumbukumbu. Mkurugenzi ameniangalia mara kadhaa kwa kuridhika.

Dada, unaandika magazetini kuhusu mambo ya dunia na unaandika vizuri, lakini ofisi hujawahi kuiendesha. Vikao hatuviiti kwa kupenda. Miaka michache iliyopita moto uliunguza ghala moja la samani, idara mbili zikalifanyia kazi dai lile lile bila kuambizana, moja ikakubali, nyingine ikakataa, na mwenye ghala akatupeleka mahakamani akiwa na barua zetu zote mbili mkononi. Tangu siku hiyo nikaapa kwamba watu wangu watakaa pamoja na kuzungumza. Hilo ndilo kosa langu: nataka watu wazungumze.

Kuhusu kutoka jioni, umesikia upande mmoja. Mimi simlazimishi mtu kubaki. Mimi ndiye wa mwisho kuondoka kila siku, na ninafanya hivyo kwa makusudi. Unakumbuka baba alipokuwa msimamizi wa zamu mgodini Fresnillo? Hakupanda juu mpaka mtu wake wa mwisho apande. Mimi ni mwana wake. Simwachi mtu wangu akihangaika na kazi halafu mimi niende kula nyama choma.

Nereida ni hodari, lakini kizazi chao kinachoka upesi. Na ofisini ananiita Licenciado kama wengine, tulikubaliana hivyo tangu siku ya kwanza. Sitaki aje mtu aseme anabebwa na mjomba wake. Namlinda, ingawa hulioni.

Wanainuka. Nafunga hapa.

Evaristo


Jerez
8 Machi

Varo mpumbavu mpendwa,

Shangazi Chole amepokea salamu zako, akasema, "Mwambie aje mwenyewe, maombi nina ya kutosha." Mipichi imetoa machipukizi machache, ya ukaidi. Shule imenipa darasa jingine la historia kwa sababu mwalimu mwenzangu amejifungua. Mwambie Maricruz siri ya mchuzi ni kuikaanga pilipili kidogo tu, ikibadilika rangi aitoe.

Nimesoma barua yako kwa sauti jikoni, na nilipofika kwenye habari za baba nikazisoma mara ya pili.

Wewe unawangoja wao watoke. Wao wanakungoja wewe utoke. Umeelewa? Nimemuuliza Nereida waziwazi: "Mjomba wako akitoka saa kumi na mbili, nyie mnafanya nini?" Akajibu, "Tunatoka, mama mkubwa. Lakini hatoki." Idara nzima imekaa inatazama mlango wa kioo, na nyuma ya kioo amekaa mtu mmoja anawatazama wao, na kila upande unauona upande wa pili kuwa umezama kazini. Na kwa kuwa ni aibu kukaa bure, mkabuni kikao cha kufunga siku ili ule muda upate jina.

Baba alikuwa anahesabu watu watoke. Wewe unahesabu watu wabaki. Ni hesabu ile ile, Varo, ila umeishika kichwa chini miguu juu.

Na usinipige na ghala la samani. Lile lilikuwa jambo moja kati ya watu wawili, lingemalizwa na mtu kuvuka korido na kuuliza, "Hili unalo wewe au mimi?" Wewe badala ya kuwafundisha watu kuvuka korido umewafungia wote chumbani. Kwenye gazeti letu, ambalo ni dogo na maskini, mhariri ana kanuni moja: anayeita kikao aandike mlangoni swali linalotafutiwa jibu. Hana swali, hakuna kikao. Jibu likipatikana, watu wanainuka, hata kama kahawa haijaiva. Asiyehusika haiti wala haitwi, na hakuna anayenuna. Na wewe unaniandikia kurasa mbili ndani ya kikao cha bajeti bila bajeti kukuhitaji hata mara moja! Umejishtaki mwenyewe kwa mwandiko wako.

Njoo Sabato ya Gloria, Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, farasi watakapojaa mitaani. Mlete Nere. Mwaka huu watachoma sanamu ya Yuda mwenye tai, nimeshamwona, anafanana na wewe.

Hermelinda


Monterrey
22 Aprili

Dada,

Natumaini sikukuu ilikuwa njema na farasi hawakumkanyaga mtu. Nimesikia mipichi inaendelea. Sisi wazima.

Nisamehe kwa kutokuja. Tulikuwa na ukaguzi wa robo mwaka, Nereida ilibidi abaki kuandaa takwimu. Alitaka sana kuja. Atakuja siku nyingine.

Nimelifikiria ulilosema. Sidhani ni kweli. Watu wangu wangeniambia.

Kampuni imeleta mtaalamu wa ustawi kutoka Mexico City. Kila Jumatano, saa nzima, anatukusanya ukumbini na kutufundisha kupumua. Kuhudhuria ni lazima. Kwa hiyo usiseme hatuwajali.

Evaristo


Jerez
2 Mei

Mdogo wangu,

Huku wazima. Chole ameanza kusimama kwa kigongo na tayari amempiga nacho paka.

Mmewajazia watu vikao mpaka wamekosa pumzi, halafu mmeita kikao kingine cha kuwafundisha kupumua. Ningekuwa na hulka ya kucheka ningecheka.

"Watu wangu wangeniambia." Wangekuambia wapi? Kikaoni?

Na barua yako haina salamu za Maricruz. Sikuulizi. Nasema tu kwamba nimeona.

Nere hajapiga simu Jumapili mbili. Nenda kwenye meza yake, leo hii, mtazame usoni, kisha uniandikie umeona nini. Hilo tu.

Linda


Monterrey
7 Juni

Dada,

Nereida anakuja huko kupumzika kidogo. Atafika na basi la Jumapili. Ni uchovu tu, daktari wa kampuni amempa likizo. Usimuulize maswali mengi. Mpe supu.

Kuna mambo ya vikao hapa, nitaandika zaidi nikipata nafasi.

E.


Jerez
30 Juni

Evaristo,

Shangazi Chole hajambo. Mipichi iliyosalia imebeba, kidogo. Hizo ndizo habari za familia ninazoweza kukupa kwa utulivu.

Alishuka kwenye basi akiwa na mkoba mmoja. Nilipita mbele yake. Unanisikia? Nilimpita nikimtafuta. Akasema, "Mama mkubwa, ni mimi."

Supu nimempa. Anaimaliza ukimwambia aimalize. Analala mchana, usiku anazunguka nyumbani kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Simu ya jirani ikilia kwa mlio kama ule wa kuwaita vikaoni, wa kijiko kwenye glasi, anasimama wima. Nimempa dengu achambue mawe, kazi aliyoipenda utotoni. Anachambua, anafika mwisho, anachanganya tena, anaanza upya. Akaniuliza kama kuna mtu atazikagua.

Na viatu. Anavaa viatu kutwa nzima, vile vyeusi vya ofisini. Ikifika saa kumi na mbili jioni anakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, mikono mapajani. Siku ya kwanza nilimwambia, "Vua viatu, mwanangu, upo kwenu."

Akaniuliza, "Ameshatoka?"

"Nani?"

"Licenciado."

Nikamwambia, "Huyo ni mjomba wako Varo, na yuko Monterrey, mbali kabisa."

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu asiyeelewa kazi. Na viatu hakuvua. Jioni ya pili akauliza tena. Jana tena. Chole, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, amejifunika shuka ili asisikie.

Daktari wa hapa, kijana mzuri niliyemfundisha mimi, anasema atapona lakini si leo wala mwezi ujao, na kwamba huenda baadhi ya vitu visirudi kama vilivyokuwa. Anasema angekuja mapema ingekuwa rahisi. Mapema lini? Wakati wa Gloria, mlipokuwa mnamtaka kwa ajili ya takwimu?

Umeniandikia "uchovu tu." Nimefundisha watoto kwa nusu ya maisha yangu, najua sentensi inayoficha kitu. Ilikuwaje siku yake ya mwisho kazini? Na liko wapi lile sweta la kahawia nililomfumia? Hakuja nalo. Nikimuuliza anaangalia ukuta.

Hermelinda


Monterrey
3 Septemba

Dada Linda,

Shikamoo. Natumaini mmevuna pichi mbili tatu. Barua zako tatu za Julai na Agosti nimezipata zote. Nilifungua moja tu, hizo nyingine niliziogopa.

Maricruz yuko Saltillo kwa mama yake tangu Pasaka. Nilidhani umeshajua.

Nianze na yaliyo rahisi. Mwezi uliopita nilifuta kikao cha asubuhi. Sikueleza sababu, nilikifuta tu. Kabla ya saa sita mchana uvumi ulikuwa umezagaa kwamba kampuni inauzwa. Watu wawili walikuja kuniuliza kama wako kwenye orodha ya kufukuzwa. Mmoja alilia. Nikakirudisha, na wakashukuru, dada. Walishukuru. Nilisimama pale nikitazama watu wazima wakinishukuru kwa kuwarudishia kile kinachowala.

Halafu siku moja nikajaribu lile jambo lako. Saa kumi na mbili kamili nilichukua koti langu, nikaaga, nikashuka, nikasimama nyuma ya nguzo kwenye maegesho ya magari. Lifti haikupumzika. Walitoka kama shule iliyofunga, wanacheka, mmoja anamwita mwenzake "Kimbia, mzee, kabla hajasahau kitu akarudi!" Sijawahi kuwasikia wakicheka vile. Sikuwahi kujua Gumaro wa hesabu ana sauti ya kuimba.

Kisha nikapanda tena juu. Nyumbani hakuna mtu, na ofisini taa zinawaka. Kesho yake nikabaki kama kawaida, nao wakabaki.

Sasa lile lingine. Tulikuwa kwenye kikao cha kufunga siku. Nereida alikuwa anasoma takwimu za madai, akakosea, nikamwambia arudie. Akakosea tena. Akatoka nje kidogo. Tukaendelea. Kupitia kioo niliona sweta lake la kahawia mgongoni mwa kiti chake, nikajua yupo. Huku ndivyo ilivyo, koti likiwa kitini mwenye koti yupo jengoni. Wengine huacha koti la pili makusudi wakatoroka, kila mtu anajua, hata mimi.

Usiku ulipozidi, hata wengine walichoka kuningoja wakaondoka mmoja mmoja. Sweta likabaki. Kwa hiyo nikabaki. Nilisema moyoni, mtoto wa Socorro anamalizia kazi, sitamwacha peke yake. Nikangoja. Nililingoja sweta, dada. Mwishowe nikadhani amenichezea ule mchezo wa koti, nikakasirika, nikazima taa, nikaondoka.

Alikuwa nyuma ya mlango wa ngazi za dharura, hatua chache kutoka mezani pangu. Alikuwa ameketi ngazini, na miguu haikumtii kuinuka. Aliyemkuta ni doña Tomasa, mama wa usafi, alfajiri. Kitu cha kwanza Nereida alichomuuliza ni kama Licenciado ameshatoka.

Sweta bado liko kitini. Hakuna aliyepewa kiti kile. Nimejaribu kulichukua, lakini kuna watu daima, na sijui watafikiri nini.

Hapakuwa na la zaidi siku ile. Hayo ndiyo yote.

Evaristo


Jerez
14 Septemba

Mdogo wangu,

Chole anatembea mpaka mlangoni. Tumepata pichi za kujaza karai moja, ndogo, zenye makovu ya baridi, tamu kupita za miaka yote. Mtaani watoto wameanza kulipua fataki za sikukuu ya uhuru, na kila zikilia Nere anaziba masikio, kisha anaomba radhi. Kuhusu Maricruz, nasikitika, na nasikitika kwa dhati. Nyumba tupu ni mzigo. Lakini hukuwa na haki ya kuwabebesha watu wote wa ofisi yako ya ghorofa ya tisa.

"Hayo ndiyo yote." Sivyo. Jana tulikuwa tunamenya pichi, mimi na yeye, na bila kuulizwa akasema, akilitazama ganda: "Nilimwita mjomba."

Nikachukua pichi nyingine. Akaendelea, polepole, kipande kwa kipande. Kwamba ulipomwambia arudie zile takwimu, namba zilianza kuogelea. Kwamba akasahau yuko wapi. Akasema mbele ya wote, "Mjomba, nimechoka." Wakacheka. Na wewe ukasema, "Hapa hakuna mjomba, Nereida. Tuendelee na ajenda." Wakacheka tena, na mkaendelea na ajenda.

Nikamuuliza ajenda ilikuwa nini. Hakumbuki. Najua nawe hukumbuki. Hakuna hata mmoja kati ya watu waliokuwa mle ndani anayekumbuka kilichoamuliwa jioni ile, kwa sababu hakikuamuliwa kitu.

Sitakutukana. Nimekutukana vya kutosha mwaka huu na haijasaidia, na mtu anayengoja sweta lisimame liende nyumbani ameshapata adhabu yake. Lakini sikubali uniambie kwamba ulijaribu. Ulifuta kikao bila kusema neno, kama mfalme anavyosamehe, basi watu wakaogopa. Wametishwa miaka mingi. Ukimya wa bosi kwao ni shoka. Ulitoka saa kumi na mbili siku moja, ukajificha nyuma ya nguzo kama mwizi, ukaona kwa macho yako kwamba nilisema kweli, ukarudi juu. Hukukosa ushahidi, Varo. Ulikosa pa kwenda.

Wala usinipe tena habari ya kizazi kinachochoka upesi, wala ya kupumua. Mtoto huyu aliwahi kuvuna pichi siku nzima juani akarudi akiimba. Hakuchoshwa na kazi. Alichoshwa na kuzuiliwa kuifanya, kisha kuulizwa mbele za watu kwa nini haijafanyika. Waliomfanya hivyo hawana sura ya watu wabaya. Wana kahawa nzuri na wanauliza hali ya familia kabla ya kufungua kikao.

Kwa hiyo sehemu iliyobaki ya barua hii si yako peke yako. Utaisoma kwa sauti mbele ya wakuu wenzako wa idara, wale wanne mnaokaa nao meza moja, na kama aibu inakukaba waonyeshe mwandiko wangu wasome wenyewe.

Mabwana na bibi wa ghorofa ya tisa, mimi ndiye niliyemfumia sweta lile. Kikao cha saa kumi na mbili kiueni, na msikizike kimya kimya. Waambieni watu kwa maneno: kimekufa, hakuna anayefukuzwa, hakitarudi. Vinavyobaki, kila kimoja kiwe na swali lake mlangoni, na mtu akiona swali si lake aruhusiwe kubaki na kazi yake bila kutafutiwa jina. Wacheni mambo ya pumzi. Na muwe wa kwanza kutoka, nyinyi, kila siku, mkionekana, makoti mabegani. Mkishindwa hayo, basi wekeni masweta kwenye viti vyote muongee nayo.

Na wewe, Evaristo. Siku itakapokufika barua hii, saa kumi na mbili, inuka. Pita katikati ya meza wote wakikuona. Lichukue lile sweta kitini. Usijali watafikiri nini, safari hii wafikiri. Tokea mlango wa mbele, usisimame nyuma ya nguzo, na usirudi juu hata kama huna pa kulala.

Ukifika barabarani piga simu hapa nyumbani. Sitaipokea mimi. Atapokea yeye, atakuwa amekaa karibu na mlango. Usimwambie pole, atasema hakuna neno, amezoea kusema hivyo. Usimwulize hali. Sema jina lako kama alivyokuwa akikuita kabla hujamkataza, mwambie, "Nere, ni mjomba. Nimetoka." Kisha usikate simu mpaka umesikia viatu vikianguka sakafuni.

Dada yako,
Hermelinda